Safari ya Matete Imekatizwa Tena

Jumapili, mwisho wa Agosti. Kakamega.

Mvua imeanza baada ya chakula cha mchana kama kawaida yake, na inapiga bati bila mpangilio wowote. Mpiga tumba mlevi angefanya vizuri zaidi.

Nina hasira. Nililala nayo jana, nikaamka nayo, nikaenda nayo kanisani na kuimba alto nayo. Tangu mchana imechanganyika na jambo jingine ambalo nitalifikia, lakini bado haijaisha. Kesho narudi shuleni, kwa hiyo ni lazima niiandike leo, na niiandike kwa utaratibu.

Jambo lenyewe ni wimbo.

Unaitwa "Safari ya Matete", na waliouimba ni Isiukhu Jazz, bendi ya hapa hapa kwetu. Ni wimbo mrefu, kwa hiyo kwenye santuri umegawanywa. Upande wa kwanza kijana anatoka Kakamega kwa baiskeli kwenda Matete kumposa Jenipha. Tairi linapasuka, anavuka mto akiwa amebeba viatu kichwani, anafika kwenye lango la baba yake Jenipha, mbwa anabweka. Santuri inaisha hapo. Unageuza upande wa pili. Mzee anatoka nje, anamtazama kijana kuanzia juu mpaka chini, kisha anasema, "Karibu."

Karibu, karibu, karibu, karibu.

Sindano haivuki hapo. Santuri ni ya binamu yangu Hezron, anayekaa Shieywe, na Hezron alimwazima rafiki yake, na huyo rafiki yake aliweka kikombe cha chai juu yake. Kikombe! Juu ya muziki! Kuna mkwaruzo wa duara pale pale kwenye karibu. Ukiisukuma sindano kwa kidole inarukia katikati kabisa kwenye karatasi ya jina na kukwaruza. Tumejaribu. Hezron amejaribu hata kuweka sarafu juu ya mkono wa gramafoni ili uwe mzito. Mzee wa Matete anaendelea kukaribisha.

Kwenye redio ni vibaya zaidi. Mtangazaji wa kipindi cha salamu anaupenda wimbo huu, lakini anaupenda kama mtu anavyopenda kigoda: ni kitu cha kukalia. Kijana akifika tu langoni, mtangazaji anaingia kuwasalimu mama mkwe wa fulani, na wafanyakazi wenzake wa fulani, na wote wanaomfahamu. Nimesikiliza kwa miaka miwili. Nawajua mama wakwe wa nusu ya Kenya. Jenipha simjui.

Muhula uliopita jambo hili liliingia bwenini. Nilikuwa nawaimbia wasichana upande wa kwanza tukifua, na nilipofika langoni wakaniuliza, halafu? Nikawaambia sijui. Tangu siku ile bweni limegawanyika. Phanice, ambaye kitanda chake kiko karibu na changu, anasema mzee alimkubali, kwa sababu mtu asiyekutaka hakwambii karibu. Wengine wanasema mzee alikuwa anamkaribisha tu ili amtazame vizuri kabla ya kumfukuza. Siku ya kufunga shule nilisimama juu ya sanduku langu nikaahidi kwamba nitarudi na mwisho wa wimbo.

Niliahidi mbele ya bweni zima.

Hapa nataka kusema kidogo kuhusu muziki, maana kama sitasema hapa sijui nitasemea wapi. Nyumbani nikianza, mdogo wangu Loyce anatoka nje.

Mwalimu wetu wa jiografia, ambaye ni mgeni kutoka ng'ambo, ana albamu za jazi, na Jumamosi moja moja anatuachia tusikilize sebuleni kwake kama tumeshamaliza kazi. Kuna moja iliyorekodiwa kwenye onyesho lenyewe, watu wakiwa wamekaa. Unasikia mtu akikohoa, unasikia glasi. Mwenye saksafoni anaanza kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, anapapasa huku, anapapasa kule, na wenzake wanamngoja. Hawamharakishi. Akimaliza, mwenye piano anachukua pale pale alipoachiwa. Mara ya kwanza niliona ni fujo tu. Mara ya tatu nilitaka kulia, nikajifanya nina mafua. Lakini naona kasoro: jazi haijui kuaga. Wimbo unaisha, halafu tarumbeta inakumbuka neno moja, halafu ngoma inakumbuka lingine, kama wageni wanaosindikizwa ambao wakifika njia panda wanaanza maongezi mapya.

Hezron yeye ni mtu wa roki. Ana albamu moja ya vijana wa ng'ambo, na ameipiga mpaka jalada limekuwa laini kama kitambaa. Sina chuki nayo. Gitaa zao ni safi, na mpiga ngoma anajua anakokwenda. Lakini kila wimbo una haraka, utadhani wana basi la kuwahi, na maneno ni yale yale: nakupenda, njoo, kwa nini huji. Kwa baiskeli hakuna anayekwenda popote. Ila nitawasifu kwa jambo moja. Nyimbo zao huisha. Pa! Kama mlango. Unajua kwamba wimbo umekwisha na unaweza kwenda kuchota maji.

Na Isiukhu Jazz, kwa nini wanajiita Jazz? Hawana saksafoni wala tarumbeta. Wana gitaa tatu, tumba, na chupa ya soda inayogongwa kwa msumari. Nilimuuliza Hezron, akasema kila bendi ni Jazz, bendi isiyo Jazz ni kwaya. Sikuridhika. Lakini nimefikiri sana, na naona wana haki kidogo. Kuna mahali upande wa kwanza, baada ya mto, ambapo gitaa la solo linaachwa peke yake na linapapasa kama ile saksafoni. Ndiyo maana nilitaka kusikia upande wa pili. Kama mtu anaweza kupiga hivyo baada ya mto, atapigaje baada ya kukaribishwa?

Basi wakatangaza kwamba Isiukhu Jazz watapiga ukumbini mjini Jumamosi mchana, kwenye harambee ya kujenga madarasa. Mchana, si usiku. Watoto wa shule wanaruhusiwa. Nilimwambia Baba siku hiyo hiyo.

Baba akasema, "Tutaona."

Ni lazima nieleze neno hilo. Baba ni karani wa ardhi, anapima maneno kama anavyopima mipaka. Tangu Aprili nimemuuliza kama nikipita mtihani mwisho wa mwaka ataniruhusu kuendelea na Fomu Faivu. Senje Rispa, dada yake, amemwambia mara nyingi kwamba msichana akimaliza Fomu Foo inatosha sana, aende akasomee ualimu, alete mshahara na aolewe akiwa bado na sura. Baba humsikiliza mpaka mwisho. Kisha anasema tutaona. Nami nikiuliza, tutaona. Nimeacha kuuliza. Mtu hawezi kuendelea kubisha mlango ambao anayejibu ndani anasema tutaona.

Jana asubuhi nilimkuta amevaa kofia yake ya kanisani. Nikakimbilia viatu. Tulikwenda: Baba, Loyce na mimi, na Senje Rispa akatufuata akisema anakuja kuangalia tu wasichana wa siku hizi wanavyovaa.

Ukumbi ulijaa. Bendi walikuwa wamevaa mashati ya manjano, na mwimbaji wao, Japheth, ndiye huyo huyo mpiga solo. Mbele kulikuwa na meza yenye sinia, na nyuma ya sinia Mwenyekiti wa harambee, mzee mwenye duka la vitambaa na sauti isiyohitaji kipaza sauti, lakini alikuwa nacho.

Nilipoona sinia nilijua tumekwisha.

Huku kwetu mtu akitaka kujisifu kwenye muziki anainua mkono. Bendi inakata. Anakwenda mbele, anaweka alichonacho, anajitaja yeye ni nani na ni baba ya nani, watu wanashangilia, kisha wimbo unaanzishwa upya na jina lake linatiwa ndani. Kwenye ngoma za nyumbani sijawahi kuona ubaya wake. Lakini hizi ni gitaa! Huu ni wimbo ambao una mwanzo, una katikati, na naamini una mwisho!

Wimbo wa kwanza ulikatwa na mwenye bucha. "Simamisha! Simamisha muziki!" alipiga kelele Mwenyekiti. "Kuna mwanaume hapa!"

"Mimi ndiye ndume ya Lurambi!" akasema mwenye bucha. "Nyama yangu hailalangi!"

Wakaanza upya. Ukakatwa na fundi cherehani: "Mwangalieni huyo ndume! Hata hiyo suruari amevaa nilishona mimi! Bila mimi mngeona nini leo?"

Ukumbi ulicheka mpaka ukatikisika. Loyce alicheka mpaka akakaa chini. Senje Rispa alipiga vigelegele, yeye aliyekuja kuangalia mavazi tu. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu ni mara ngapi wimbo umekufa. Mpiga ridhimu alikuwa anaanza kitu kizuri sana kwenye kamba za chini na kila mara anauawa. Wakaja mashemeji wawili walioshindana, mmoja akisema ng'ombe za mahari alizileta kwa mguu, mwingine akisema zilifika zimekonda. Zamu nne! Wimbo mmoja!

Baba alikuwa amekaa nyuma karibu na dirisha, kofia magotini. Mara nilimwona anaishika, mara anaiachia. Nilifikiri anataka kuondoka. Nikamwomba Mungu asiondoke kabla ya Matete.

Karibu na saa kumi na mbili Japheth akasema, "Sasa twendeni Matete," na mimi nikasimama kwenye benchi. Sijali nani aliniona.

Hawakukatizwa. Sijui kwa nini. Labda wenye vya kusema walikuwa wamekwisha. Tairi likapasuka. Akavuka mto. Gitaa likapapasa, na nakuambia, ewe karatasi, kwenye santuri husikii hata nusu yake. Lina pumzi. Langoni, mbwa akabweka. Mpiga besi ndiye anayebweka, sikujua. Mzee akatoka. Akamtazama. "Karibu," akaimba Japheth, mara moja tu, kama mtu mwenye adabu, na wimbo ukavuka mkwaruzo. Ukavuka! Nilikuwa mahali ambapo sijawahi kufika. Japheth akafunga macho, solo ikaanza kupanda, polepole, kama mtu anayekaribia kusema.

"Simamisha! Simamisha! Kuna mkono pale nyuma!"

Mkono ulikuwa wa Baba.

Baba yangu. Mzee wa kanisa. Ambaye nyumbani hutumia maneno kumi kwa siku na mengine ni ya sala.

Sijui alisema nini. Nilikaa chini, nikaweka kichwa magotini na kuziba masikio kwa mikono yote miwili. Nilibaki hivyo mpaka benchi lilipotikisika kwa makofi. Nilipoinua kichwa Baba alikuwa anarudi nyuma na kofia yake, na bendi ilikuwa inaanza upya. Kutoka Kakamega. Na tairi zima. Ndani yake wakatia "baba Roda", "baba Roda", na watu wakanigeukia, nami nikatamani sakafu ipasuke kama hilo tairi. Walikuwa bado mtoni mlinzi wa ukumbi alipotingisha funguo, Mwenyekiti akashukuru, mchungaji akaomba, na watu wakaenda zao.

Mtoni!

Nilifanya jambo ambalo sikujua ninaweza. Nilimwachia Loyce sweta yangu, nikaenda mbele pale walipokuwa wanakunja nyaya.

"Samahani, kaka," nikamwambia Japheth. "Ule wimbo unaishaje?"

"Wa Matete?" Alicheka. "Dada, si umeusikia?"

"Nimeusikia mpaka karibu. Baada ya hapo sijawahi. Santuri yetu ina mkwaruzo."

"Hata isingekuwa na mkwaruzo. Baada ya hapo ni gitaa tu. Kule studio Nairobi santuri ilikuwa imejaa, fundi akashusha sauti tukiwa bado tunapiga."

"Na kwenye maonyesho?"

"Kwa maonyesho kuna mikono. Hatujawahi kufika."

"Lakini Jenipha? Kijana alimpata?"

Mpiga besi, yule mbwa, akapiga kelele akiwa chini ya meza, "Mwambie dada, Japhe! Leo umwambie!"

Japheth akakuna kichwa. "Yule mzee aliniambia karibu kweli. Nikapewa chai. Nikachinjiwa ingokho, kuku mzima, nikapewa firigisi yenyewe, mimi. Nikasema leo nimeshapata mke. Halafu akanisindikiza mpaka langoni akasema, tutaongea." Akafunga sanduku la gitaa. "Huu ni mwaka wa tatu. Bado tunaongea. Wewe ukisikia jibu, niambie na mimi."

Hauna mwisho.

Miaka miwili, bweni zima, kikombe cha chai, mama wakwe wote wale, na hauna mwisho! Nilitembea mpaka nyumbani mbele ya wote bila kugeuka. Sikumsalimu Baba wakati wa kulala. Leo asubuhi nilimpa chai yake na kutazama kikombe tu.

Sasa lile jambo jingine.

Mchana tulikuwa jikoni, mimi nasugua sufuria ya obusuma, yaani ugali, Loyce anapangusa vyombo na kuimba "baba Roda, baba Roda" kwa makusudi. Nikamwambia anyamaze, nikasema Baba aliniharibia wimbo pekee niliowahi kuungoja.

"Lakini alikuwa anainuanga mkono tangu mwanzo," akasema Loyce. "Hivi." Akanionyesha: mkono unafika kwenye sikio, halafu unashuka kushika kofia. "Tangu mtu wa nyama. Mwenyekiti alikuwa haoni. Akainua, akashusha. Akainua, akashusha. Nilimwambia, Baba, inua juu, akasema ngoja."

Nikaacha kusugua.

"Na Senje alikasirika, we! Baba aliposema ile ya Fomu Faivu, Senje alifyonya mpaka mtu wa mbele akageuka."

"Ile gani ya Fomu Faivu?"

Loyce akanitazama kama mtu anayetazama ng'ombe kanisani. Kisha akaweka kitambaa kichwani kama kofia, akakivua, akakishika kifuani, akatoa sauti ya Baba.

"Mimi ni baba ya Roda. Mwakani Roda anaingia Fomu Faivu. Kuna mtu ako na neno?"

Sufuria ilikuwa bado mkononi mwangu. Nilikuwa nimeziba masikio. Mikono yote miwili.

Nilikwenda sebuleni. Baba alikuwa anasoma gazeti, na mvua ilikuwa imeanza, kwa hiyo ilibidi niseme kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka.

"Baba, jana ulisema nini ukumbini?"

"Si ulikuwa hapo."

"Sikusikia."

Akashusha gazeti. "Sasa ulikuwa unasikiliza nini?"

Nikasema, "Gitaa."

Akafikiri juu ya hilo, kama anavyofikiri juu ya kila kitu. "Maneno ya mbele ya watu sirudiangi," akasema. "Waulize wale watu." Na gazeti likapanda. Lakini lilikuwa linatetemeka kidogo upande mmoja, na Baba si mtu wa kutetemeka, kwa hiyo nadhani alikuwa anacheka.

Nimerudi hapa mezani. Mvua inapungua. Sanduku liko wazi na sijatia hata soksi.

Sijui niwe nani leo. Nina furaha, na nina hasira vile vile, na hakuna moja inayotoka kumpisha mwenzake. Kidogo nizikose sentensi tatu nilizozingoja tangu Aprili, kwa sababu ya solo.

Kesho wasichana watanikalisha kwenye kitanda cha Phanice kabla sijafungua sanduku. Nitawaimbia yote: tairi, mto, viatu kichwani, lango, hata mbwa nitabweka. Mzee atatoka, nitasema karibu, mara moja tu, kwa adabu. Kisha nitanyamaza. Watanitupia mito. Nami nitawaambia kwamba hapo ndipo Baba alipoinua mkono, na niwaambie alisema nini.

Lakini kwa kweli, Baba. Solo ilikuwa inapanda. Usingengoja kidogo tu?